Ugumu Huanzia Mezani

Machi 2023 bondia Tyson Fury aliweka sharti ambalo bingwa yeyote mwenye mikanda mitatu angeweza kulikataa na asilaumiwe na mtu. Alitaka mapato ya pambano yagawanywe 70 kwa 30: asilimia 70 ziende kwake, Oleksandr Usyk wa Ukraine achukue zilizobaki. Wakati huo Usyk alishikilia mikanda ya WBA, IBF na WBO. Fury alikuwa na mmoja tu, wa WBC. Kwa desturi ya biashara ya ngumi, hapo ndipo mazungumzo hufia. Kila kambi hutoka na lawama zake, na mashabiki huambiwa wasubiri mwakani. Usyk akakubali. Alichoomba ni Fury atoe pauni milioni moja kuwasaidia watu wa Ukraine waliokuwa vitani.

Pambano lenyewe halikufanyika mwaka huo. Pande mbili zilikwama kwenye mgawo wa marudiano, na Oktoba Fury akaenda Riyadh kupigana na Francis Ngannou, bingwa wa zamani wa UFC ambaye hakuwa amewahi kupigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Lakini jibu lile la Usyk lilieleza jambo ambalo mashabiki wengi hatulitazami. Utayari wa bondia wa uzito wa juu kukutana na wagumu hupimwa kabla kengele haijalia, kwa yale anayokubali kuyapoteza ili pambano lifanyike: pesa, uwanja wa nyumbani, muda wa maandalizi, hata usalama wa rekodi yake. Ulingoni karibu wote ni majasiri. Mezani ndipo wanapotofautiana.

Kwa nini wakubwa hukwepana

Sikubali kwamba mabondia wakubwa hukwepana kwa woga. Mtu anayepata riziki yake kwa kupigwa usoni na wanaume wenye kilo 110 si mwoga, na anayemwita hivyo akiwa amekaa kwenye kochi anamkosea heshima. Wanakwepana kwa sababu mfumo unawalipa wakikwepana.

Vyama vinne ndivyo vinavyotambuliwa zaidi: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila kimoja kina mkanda wake, orodha yake ya viwango na mpinzani wake wa lazima. Kwa hiyo wanaume wanne wanaweza kuitwa mabingwa wa dunia siku moja, kila mmoja akajaza ukumbi kwao, akatetea mkanda dhidi ya mtu wa nafasi ya nane na akalipwa vizuri bila kumgusa bingwa mwenzake. Juu ya hapo kuna mapromota na televisheni. Bondia wa promota huyu ana mkataba na kituo hiki, wa promota yule yuko na kituo kile, na kila upande unajua kwamba bondia wake akipoteza leo, bei yake ya kesho itashuka. Rekodi isiyo na doa huuzika kirahisi kuliko rekodi yenye vipigo viwili kutoka kwa watu wa maana. Meneja anayemzuia bondia wake asikutane na mgumu huenda anaifanya kazi yake vizuri kabisa, kwa jinsi kazi hiyo ilivyopangwa.

Matokeo yake ni mapengo kwenye historia. Lennox Lewis alimpiga Riddick Bowe kwa kusimamishwa na mwamuzi raundi ya pili, fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Miaka minne baadaye wote wawili walikuwa kileleni mwa ngumi za kulipwa. Novemba 1992 Bowe alimshinda Evander Holyfield akawa bingwa wa dunia, na Lewis ndiye aliyekuwa mpinzani wa lazima wa WBC. Mwezi uliofuata, mbele ya waandishi wa habari jijini London, Bowe aliuchukua mkanda wa WBC akautupa kwenye pipa la taka. Hawakupigana tena maishani. Karibu na zama zetu, mwaka 2018, Anthony Joshua na Deontay Wilder walikuwa wamegawana mikanda yote minne na hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kupoteza. Mazungumzo yalianza, yakapoa. Joshua akapigwa na Andy Ruiz Juni 2019, Wilder akapigwa na Fury Februari 2020, na pambano lililokuwa limesubiriwa na dunia nzima likapoteza maana yake.

Zamani ukwepaji ulikuwa na sura mbaya zaidi. Sam Langford na Harry Wills, mabondia weusi wawili waliokuwa miongoni mwa bora wa enzi zao, hawakupewa hata siku moja nafasi ya kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Jack Johnson alimshinda Langford mwaka 1906, kabla hajawa bingwa. Alipoupata ubingwa hakumpa nafasi nyingine. Jack Dempsey alikuwa bingwa kuanzia 1919 hadi 1926 na hakukutana na Wills kamwe, kwa kuwa Marekani ya wakati ule haikutaka kuona mweusi akipewa nafasi ya kuchukua taji lile tena, baada ya Johnson aliyekuwa mweusi. Leo Langford na Wills wanatajwa na wataalamu tu. Ndiyo hasara ya kukwepwa: anayekwepa hubaki na mkanda, anayekwepwa hubaki bila jina.

Maswali matatu

Kwa sababu hiyo rekodi ya bondia haisomwi kwa kuhesabu ushindi. Mimi huiuliza maswali matatu. Alikutana na mpinzani lini: akiwa kwenye ubora wake, au baada ya wengine kumaliza kumchosha? Walikutana wapi, na ukumbi ulikuwa wa nani? Na baada ya kumshinda mgumu, je, alikubali kurudi kwake mara ya pili? Mabondia wengi wa uzito wa juu wana jibu zuri kwa swali moja, pengine mawili. Usyk ana jibu kwa yote matatu, na ndiyo sababu namweka juu ya wenzake wote wa kizazi hiki.

Tuanze na mahali. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na ulingoni hutunzwa hata pale majaji wanapokuwa waaminifu. Konde la mwenyeji likigusa glavu tu, watu 20,000 husimama. La mgeni likitua kidevuni, ukumbi hunyamaza. Jaji ni binadamu, ana masikio. Mtanzania anaelewa hili bila kufundishwa, kwani ushindi wa Hassan Mwakinyo dhidi ya Sam Eggington mjini Birmingham, Septemba 2018, ulipata uzito wake kwa sababu ulitokea kwa Eggington, na ulikuja raundi ya pili kabla majaji hawajawa na kazi.

Sasa itazame ramani ya Usyk. Septemba 2016 alikwenda Gdańsk, Poland, akamshinda Mpolandi Krzysztof Głowacki kwa pointi na kuchukua mkanda wa WBO wa uzito wa kruza, uzito ulio chini ya uzito wa juu na ambao mwisho wake ni kilo 90.7. Głowacki hakuwa amewahi kupoteza. Mwaka uliofuata akaingia kwenye mashindano ya mtoano ya World Boxing Super Series, ambayo mshindi wake hupewa Kombe la Muhammad Ali. Hapo, baada ya raundi ya kwanza, mtu hachagui mpinzani mwepesi: ukishinda, unakutana na aliyeshinda. Septemba 2017 akampiga Mjerumani Marco Huck mjini Berlin. Januari 2018 akaenda Riga kukutana na Mairis Briedis wa Latvia, bingwa wa WBC asiyewahi kupoteza. Jaji mmoja alitoa sare, wawili wakampa Usyk 115 kwa 113. Ilikuwa karibu kiasi hicho.

Fainali ilikuwa Moscow, Julai 21, 2018. Usyk alizaliwa Simferopol, Crimea, mwaka 1987. Urusi iliitwaa Crimea mwaka 2014. Miaka minne baadaye alikwenda kwenye mji mkuu wa nchi iliyoitwaa ardhi aliyozaliwa, kupigana na Mrusi Murat Gassiev, mpiga ngumi nzito ambaye naye hakuwa amewahi kupoteza, mikanda yote minne ikishindaniwa usiku mmoja. Angepata sababu elfu za kuomba uwanja mwingine, na hakuna ambaye angemshangaa. Jaji mmoja alimpa raundi zote 12, wenzake wawili wakampa 11. Novemba mwaka huohuo akaipeleka mikanda yote minne Manchester kumkabili Mwingereza Tony Bellew. Majaji wawili walikuwa wamemweka Bellew mbele, ndipo Usyk akamwangusha raundi ya nane na kumaliza kazi.

Alipopanda uzito wa juu, pambano la kwanza, Oktoba 2019 mjini Chicago, lilikuwa jepesi. Mpinzani aliyepangwa aliondolewa baada ya vipimo vya dawa, akaletwa Chazz Witherspoon. Lakini la pili lilikuwa Derek Chisora, London, Oktoba 2020, mtu aliyemzidi uzito kwa zaidi ya kilo 15 na ambaye kazi yake ulingoni ni kumsukuma mwenzake kwenye kamba na kumsaga kiunoni. La tatu lilikuwa Anthony Joshua, bingwa wa WBA, IBF na WBO, kwenye uwanja wa Tottenham jijini London, mbele ya watu zaidi ya 60,000.

Hapo lazima nimpe Joshua haki yake. Mwaka 2021 alikuwa amejiandaa kwa pambano na Fury, likavunjika baada ya msuluhishi kuamua kwamba Fury alikuwa na deni la pambano la tatu na Wilder. Usyk alikuwa mpinzani wa lazima wa WBO. Joshua angeweza kuuacha mkanda huo, akabaki na miwili na kutafuta jina kubwa lenye hatari ndogo. Wengi wamefanya hivyo. Alisaini. Alipoteza kwa 117–112, 116–112 na 115–113, akaomba marudiano na akapoteza tena. Kwangu mimi Joshua ni mkubwa zaidi kwa mapambano yale mawili aliyopoteza kuliko kwa utetezi mwingi alioshinda kabla yake, kwa kuwa pambano gumu linahitaji sahihi mbili, na yake ilikuwa mojawapo.

Swali la lini lina jibu rahisi. Joshua wa 2021 alikuwa na miaka 31. Fury wa Mei 2024 alikuwa bingwa wa WBC asiyewahi kupoteza. Daniel Dubois wa Julai 2025 alikuwa na miaka 27, bingwa wa IBF, na miezi kumi kabla ya hapo alikuwa amemwangusha Joshua mara kadhaa na kumaliza pambano raundi ya tano, Wembley. Kama kuna aliyekuwa anaelekea machweo katika pambano hilo la mwisho, alikuwa Usyk mwenyewe, mwenye miaka 38. Alimmaliza Dubois raundi ya tano, palepale Wembley, mbele ya watu takriban 90,000.

Kuhusu kurudi, amepigana na Joshua mara mbili, Fury mara mbili na Dubois mara mbili. Marudiano ya Joshua na Fury yaliwekwa kwenye mkataba tangu mwanzo, hivyo hayakuwa zawadi. Lakini vifungu hivyo hununuliwa na kufutwa kila mwaka katika mchezo huu, na majeraha ya ghafla hutokea kwa wakati unaofaa. Hebu fikiria mazingira ya marudiano ya Joshua. Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine, na Usyk akaenda kujiunga na kikosi cha ulinzi wa raia jijini Kyiv. Askari wa Urusi waliingia kwenye nyumba yake iliyoko Vorzel. Agosti 20 alikuwa Jeddah, ulingoni, akitetea mikanda mitatu dhidi ya Joshua aliyekuja na kocha mpya, Robert Garcia, na mpango mpya wa kumpiga mwilini.

Mgumu hufundisha

Kuna faida ya kukutana na wagumu ambayo wataalamu wa biashara hawaihesabu: ufundi haukui bila wao. Mtazame Usyk kama mwanafunzi na utaona kila mwalimu alimwachia nini.

Usyk ni mashoto. Mkono wake wa kulia uko mbele, na dhidi ya bondia wa kawaida vita vya kwanza huwa vya mikono miwili ya mbele na miguu miwili ya mbele. Usyk huuweka mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Akiupata huo mstari, ngumi yake ya kushoto inakwenda moja kwa moja usoni na ya kulia ya mpinzani inapita pembeni. Hilo alikuja nalo kutoka ngumi za ridhaa, ambako alishinda dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Kitu asichokuja nacho ni jinsi ya kuishi na ngumi nzito zinazoingia.

Briedis alimfunza kwamba miguu pekee haitoshi, kwa kuwa Mlatvia huyo alimfuata, akampata kwa mkono wa kulia na kumlazimisha kupigana ndani. Bellew alimfunza subira: usipoteze akili kwa kuwa nyuma kwenye karatasi za majaji, mchoshe mtu kwa kumfanya afikiri kila sekunde. Chisora alimfunza kubebwa na uzito wa mtu mkubwa raundi za mwanzo bila kuvunjika, halafu kuupiga mwili ule uchoke. Masomo hayo matatu yalionekana Jeddah. Raundi ya tisa Joshua alimpiga mwilini na kumrudisha nyuma kwa nguvu kuliko mtu yeyote kabla yake, na uwanja mzima ulidhani kazi imeisha. Raundi ya kumi Usyk alirudi na mvua ya ngumi. Majaji wawili walimpa ushindi, mmoja akampa Joshua.

Mei 18, 2024 jijini Riyadh, mtihani ulikuwa mkubwa kuliko yote. Fury ana sentimita 206, Usyk 191. Raundi za katikati Fury alimpata kwa ngumi za kutoka chini na za mwilini, na raundi ya sita Usyk alionekana kuumia. Bondia aliyelelewa kwa wapinzani wa kuchaguliwa hajui la kufanya hapo, maana hajawahi kufika hapo. Usyk alikuwa amefika Riga, Manchester, London na Jeddah. Raundi ya nane alianza kumharibu Fury pua, na raundi ya tisa alimpiga mfululizo kutoka kamba hadi kamba, mpaka mwamuzi Mark Nelson akaingia kati na kumhesabia Fury. Hesabu ile iliamua pambano: majaji walitoa 115–112 na 114–113 kwa Usyk, na 114–113 kwa Fury. Ulimwengu ukapata bingwa mmoja wa uzito wa juu asiyepingwa kwa mara ya kwanza tangu Lewis alipomshinda Holyfield Novemba 1999. Desemba wakarudiana. Fury alipanda ulingoni akiwa amemzidi kilo 25, na safari hii majaji wote watatu walimpa Usyk 116 kwa 112.

Hivyo hivyo ndivyo Muhammad Ali alivyojengwa. Machi 1973 Ken Norton alimvunja taya huko San Diego. Septemba mwaka huohuo Ali alirudi kwa Norton, akashinda kwa majaji waliogawanyika. Januari 1974 alirudi kwa Joe Frazier aliyemshinda mwaka 1971, akashinda. Ndipo Oktoba 30, 1974 akaingia Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa akiwa na miaka 32, kumkabili George Foreman wa miaka 25 ambaye alikuwa amewamaliza Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili. Watu husimulia Kinshasa kama muujiza wa usiku mmoja. Mimi naiona kama mavuno. Ali aliyeegemea kamba na kumwacha Foreman ajichoshe alikuwa amekwisha kupitia maumivu ya Norton na Frazier, na alijua mwili wake unabeba kiasi gani. Hakuna kambi ya mazoezi inayoweza kumpa mtu ujuzi huo.

Lawama zilizo na haki

Wapo wanaosema nampamba Usyk, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba pambano lake la kwanza na Dubois, Agosti 2023 mjini Wrocław, lina doa. Raundi ya tano Usyk alianguka kwa ngumi iliyotua kwenye mstari wa mkanda, mwamuzi akasema ni ya chini, akapewa dakika za kupumzika. Kambi ya Dubois ilidai ilikuwa ngumi halali. Hoja hiyo ina uzito, na jibu pekee la heshima lilikuwa kukutana tena. Walikutana tena, kwa Dubois.

Ya pili ni kwamba Usyk aliuacha mkanda wa IBF Juni 2024 bila kukutana na Dubois wakati huo. Ni kweli. Lakini IBF ilidai mpinzani wake wa lazima wiki chache baada ya Riyadh, huku mkataba ukimfunga Usyk kurudiana na Fury. Alipochagua kati ya karatasi na pambano gumu zaidi, alichagua pambano, na mkanda ule akaurudia mwaka mmoja baadaye kutoka mikononi mwa mtu aliyepewa.

Ya tatu ndiyo nzito, na sina jibu la kuifuta. Joseph Parker wa New Zealand alikuwa mpinzani wa lazima wa WBO mwaka 2025, baada ya kuwashinda Wilder, Zhilei Zhang na Mkongo Martin Bakole mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja wa watatu hao alikuwa hatari. Parker alistahili nafasi kuliko mtu yeyote. Baada ya pambano la pili na Dubois, Usyk aliomba muda kwa sababu ya jeraha, Parker akachoka kusubiri, akapigana na Fabio Wardley Oktoba na kupoteza raundi ya 11. Novemba Usyk akauacha mkanda wa WBO. Jeraha la mtu wa miaka 38 halinishangazi. Lakini kama tunatumia kipimo hiki kwa wengine, lazima tukitumie kwake pia: Parker ni jina linalokosekana kwenye orodha yake, na orodha ingekuwa bora zaidi likiwepo.

Gharama ya mwili

Kuna kosa ambalo sisi tunaopenda mapambano magumu hulifanya, nalo ni kudhani kwamba utayari hauna mwisho. Ali baada ya Kinshasa hakuacha. Septemba 1977 Earnie Shavers, mmoja wa wapigaji wazito zaidi waliowahi kuingia ulingoni, alimpiga kwa raundi 15. Ali alishinda, lakini daktari wake, Ferdie Pacheco, aliondoka kambini baada ya hapo akiwa na hofu juu ya mwili wa Ali. Oktoba 1980 huko Las Vegas, akiwa na miaka 38, Ali alipewa Larry Holmes, na kocha wake Angelo Dundee alilisimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.

Pambano la Holmes halikuwa ujasiri. Watu waliopaswa kumkatalia Ali ndio waliompa kibali cha kupigana, na uwezo wa bondia kusema ndiyo ulitumika dhidi ya afya yake. Ninapomsifu mtu kwa kukutana na wagumu, nazungumzia mtu mwenye miguu inayosikia amri, na watu wanaomzunguka wenye ruhusa ya kumwambia imetosha. Usyk wa Julai 2025 alikuwa na umri aliokuwa nao Ali usiku ule wa Las Vegas. Anayempenda asimdai mpinzani mwingine mgumu kwa sababu tu amezoea kukutana nao. Ameshalipa.

Tunachopaswa kudai

Tangu mwishoni mwa 2023 pesa za Saudi Arabia, chini ya afisa wa nchi hiyo Turki Alalshikh, zimewaketisha mapromota waliokuwa mahasimu meza moja, na mapambano yaliyokwama miaka mingi yakafanyika ndani ya miezi. Hili linathibitisha kwamba ukwepaji ulikuwa suala la malipo tangu mwanzo. Lakini mchezo mzima ukitegemea mfuko mmoja, siku mfuko huo ukifungwa tutarudi kwenye mabingwa wanne wasioonana.

Dawa ya kudumu iko kwenye jinsi tunavyowathamini walioshindwa. Ilimradi kipigo kimoja kinamshusha bondia bei kwa nusu, hakuna meneja mwenye akili atakayemruhusu kuthubutu. Bondia aliyepoteza kwa pointi mbele ya mtu bora duniani anapaswa kupewa pambano kubwa linalofuata kabla ya yule mwenye ushindi 25 aliokusanya kwa kuchagua wepesi. Vyama vya ngumi viandike hilo kwenye orodha zao za viwango: ushindi upimwe kwa ubora wa aliyeshindwa, na kipigo kwa ubora wa aliyeshinda. Televisheni zilipe kwa kigezo hicho. Na sisi tunaoandika na kutangaza tuache kuisifu sifuri iliyo mwisho wa rekodi bila kusema ilitunzwa dhidi ya nani.

Usyk naye ana sifuri hiyo. Lakini aliiweka rehani Gdańsk, Riga, Moscow, Manchester, London, Jeddah na Riyadh, na mara moja alikuwa tayari kuiweka kwa asilimia 30 ya mapato. Bondia kijana wa uzito wa juu anayetaka kujua ukubwa unaanzia wapi aanze kwa kumuuliza meneja wake swali moja: ni nani tunayemkwepa, na tungelazimika kuacha nini ili tumpate?